Je, lulu hutokana na punje ya mchanga?

SWALI: Nimerithi mkufu wa lulu wa marehemu bibi. Sonara ameniambia ni lulu za kufuga. Tangu utotoni nasikia mchanga ukimwingia chaza hugeuka lulu. Wafugaji nao huwatia mchanga? Na lulu zangu ni bandia? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Dada, huo mchanga umewapoteza wengi. Chaza hushinda akichuja maji ya bahari. Mchanga ukimwingia huutoa. Ingekuwa kila punje inazaa lulu, wavuvi wetu wasingelala njaa.

Kinachozaa lulu ni ngozi laini iliyotanda ndani ya gamba, ndiyo inayolijenga gamba lenyewe. Mdudu akimtoboa chaza, au akijeruhiwa, chembe za ngozi hiyo huweza kusukumwa ndani ya nyama. Huko huzaana zikafanya kifuko, na kazi yao ni ileile: kutoa chokaa ing'aayo, tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka ni jembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, na mwanga ukipenya humo ndipo rangi zinapocheza.

Mfugaji, kwa kisu chake, hufanya kile ambacho mdudu hufanya kwa bahati. Hukata kipande cha ngozi ya chaza mwingine, akakipachika ndani ya chaza wake pamoja na kigololi kilichochongwa katika gamba la kome wa mtoni, mara nyingi kutoka bonde la mto Mississippi, Marekani. Kigololi peke yake humo nyamani hakizai kitu. Kome wa maji baridi wa China wao kwa kawaida hutiwa ngozi tu, bila kigololi, ndiyo sababu lulu zao nyingi si duara kamili.

Kina mama wa Fumba, Unguja, hutumia njia nyepesi zaidi: hubandika kiini kwenye gamba kwa ndani, na ngozi ya chaza mwenyewe hukifunika. Hutoka nusu lulu. Mikimoto, mfugaji mashuhuri wa lulu wa Japani, naye alianza na nusu lulu, mwaka 1893.

Kwa hiyo za bibi ni lulu kweli. Kuzisugua kwenye jino kutakuonyesha tu kama ni bandia au la. Ya kufuga na ya porini zote hukwaruza. Chungulia tundu la uzi kwa lenzi: ukiona mstari unaotenga kigololi na maganda yake, sonara wako hakukosea. Usipouona, eksirei ndiyo itakayoamua.