Bibi kafariki, ana deni la saumu: nimfanyie nini?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mtu wa Wete, Pemba, kwa sasa nasoma Unguja. Bibi yangu mzaa mama amefariki wiki 3 zilizopita. Ndiye aliyenilea na kunisomesha Juzuu Amma, ile juzuu ya mwisho ya Qur'ani, mimi nimekaa mbele yake, yeye mikono inasuka ukili. Ramadhani iliyopita hakufunga hata siku moja kwa sababu ya sukari. Wajomba wanataka kuchinja ng'ombe kwa hitima ya arubaini kwa pesa za karafuu zake. Mimi nina sauti zake kwenye simu, kila usiku nazisikiliza nikilia. Je, machozi yangu yanamuadhibu? Na lipi hasa litamfikia?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Allah amrehemu bibi yako na akupeni subira.

Kulia si kosa, mwanangu. Mtume (s.a.w.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Ile hadithi ya maiti kuadhibiwa kwa kuliliwa, wanazuoni wengi wameifahamu kuwa ni juu ya ukelele na kujipiga, kwa yule aliyeusia afanyiwe hivyo. Wewe unalia chini ya shuka, simu sikioni. Hiyo ni rehema.

Sasa, kabla ya ng'ombe kuna mchele. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona hadaiwi kulipa saumu, anadaiwa fidia. Kwa madhehebu yetu ya Shafi ni mudi moja ya chakula cha mji kwa kila siku, apewe maskini. Mudi hiyo ndiyo kibaba cha wazee wetu, na vibaba 4 ni pishi. Ikiwa mwezi ulitimia 30, basi ni pishi 7 na nusu. Muulize kwanza mama yako, maana huenda bibi alikwishatoa mwenyewe. Watu wa namna yake humaliza hesabu zao kimya kimya. Kama hakutoa, inatoka katika mali yake kabla mirathi haijagawiwa, sawasawa na deni la dukani. Ama kama maradhi yalikuwa ya kutarajiwa kupona, na akafariki kabla ya kupata nafuu ya kumwezesha kulipa, hadaiwi kitu.

Zile pesa za karafuu, baada ya madeni na wasia wake, si za bibi tena, na si za wajomba peke yao. Mama yako ana fungu lake humo. Kila mrithi aridhie kwa moyo wake, si kwa kuona haya mbele ya kaka zake barazani. Anayetaka kuchinja, achinje kwa mfuko wake.

Kuhusu hitima yenyewe mashekhe wetu wamekhitalifiana, na sitaki kukugombanisha na wajomba zako. Imam Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu yetu, ametaja katika kitabu chake Al-Adhkar kwamba wanazuoni wameafikiana dua inamnufaisha maiti. Khilafu iko kwenye kisomo. Akashauri msomaji akimaliza amuombe Mungu amfikishie maiti thawabu za alichokisoma. Mimi nafuata hilo. Ila alipouawa Jaafar, binamu yake, Mtume aliwaambia watu wawapikie jamaa zake. Sisi tumepindua: mwenye msiba ndiye anayekoroga sufuria, jirani ndiye anayekula.

Sadaka inafika bila ya shaka. Swahaba Saad bin Ubada alifiwa na mama yake, mwenyewe Saad hayupo, akamuuliza Mtume kama sadaka itamfaa, akaambiwa ndiyo, akaitoa bustani yake. Nyinyi mna mikarafuu. Warithi wakikubaliana kuutia wakfu mti mmoja, mavuno yake yakanunua misahafu ya chuo cha mtaani kwenu, kwangu mimi hilo ni zito kuliko ng'ombe anayeliwa asubuhi moja. Na ile Amma aliyokusomesha ni katika elimu inayonufaisha. Kila ukiisoma ndani ya sala, naye ana fungu.

Lakini iko sunna moja tumeisahau. Mtume alikuwa akichinja mbuzi, anamkata vipande, anawapelekea marafiki wa marehemu mkewe Bi Khadija, hata mkewe Bi Aisha akaona wivu kwa mwanamke ambaye hakuwahi kumuona. Bibi yako alikuwa na shoga zake. Yuko waliyekuwa wakichambua karafuu pamoja, jamvi moja, vikonyo huku na karafuu kule. Yuko waliyekuwa wakisoma Yasini usiku wa Ijumaa. Ukirudi Pemba likizo usiishie kaburini tu. Mpelekee mmoja wao samaki, kaa nae ukumbini mpaka alasiri, umwache azungumze. Atakutajia bibi usiyemjua: msichana, mchekeshaji, pengine mgomvi kidogo. Ondoka ukiwa umemuombea yeye pia, na yeye kakuombea.

Sauti zake zisikilize, hapana ubaya. Usizirushe kwenye makundi ya simu bila mama yako kuridhia, maana ndani yake mna maneno aliyokwambia wewe tu. Na usiku ukichoka usisikilize, lala, hujamsahau. Kama mna hata aya chache za kisomo chake, fungua msahafu umfuatilie kwa kidole, kama ulivyokuwa ukifanya yeye akisuka.

Wallahu aalam.