Machi ziwani Uingereza: tafuta maji yenye joto kwanza, chambo baadaye

Mkuu, umesema umekulia Mwanza, sasa uko Leicester, na juzi umeshinda kando ya ziwa kutwa nzima bila boya kutikisika. Umeuliza chambo gani kinafaa mwezi huu, na kama unaruhusiwa kwenda na samaki nyumbani. Nimevua huku misimu mingi, na kwa Machi chambo nakiweka nafasi ya pili. La kwanza ni mahali unapokaa.

Rochi, brimu, tenchi, karpi, samaki wa ziwani huku, wote hawa joto la miili yao hufuata la maji. Maji yakiwa nyuzi 5 au 6, chakula husagika tumboni polepole mno, basi samaki hana haja ya kuhangaika. Ziwa Victoria halikukufundisha hilo kwa sababu kule maji ni vuguvugu mwaka mzima. Huku nyuzi moja tu kati ya kona na kona inaweza kuamua nani atapata.

Kwa hiyo ukifika usifungue mzigo. Zunguka ziwa lote kwanza. Upepo wa kusini-magharibi ukivuma siku mbili tatu husukuma maji ya juu, yaliyokwisha kupata joto, hadi ukingo wa kaskazini-mashariki. Kaa huko, hata kama utakupiga usoni. Upepo ukitoka kaskazini au mashariki ni baridi tupu: upe mgongo, ujifiche penye miti. Jua likiwaka, kwenye matete yaliyokauka, kina cha mita moja hivi, ndiko maji hupata joto mapema. Lakini usiku ukishuka jalidi, asubuhi yake hapo pana baridi kuliko kilindini, maana maji huwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4. Hayo huzama, na yaliyo baridi zaidi hubaki juu. Ndiyo maana Machi siamki alfajiri. Saa tano asubuhi hadi jua kuzama inatosha kabisa.

Siku moja ya namna hiyo nilianzia kilindini, nyasi zote nyeupe kwa jalidi, boya kimya. Kwenye saa saba mchana nikaona ng'ambo, penye jua, mapovu madogo yanapanda na tete moja linatikisika wakati upepo umetulia. Nikahamisha kila kitu. Wakaanza rochi wadogo, mmoja baada ya mwingine, kisha wakanyamaza ghafla, na boya badala ya kuzama likainuka na kulala ubavu. Huyo ni brimu: ameokota chambo chini na kunyanyua chubwi pamoja nacho. Alikuwa mpana, mzito, ana ute mwingi, na furaha niliyoipata siku ile sijaipata hata kwa sangara.

Sasa chambo. Funza wawili kwenye ndoano namba 18 isiyo na kijino, mshipi mwembamba, na pima kina ili funza wagusane na tope. Tupia funza wachache kila baada ya dakika kumi, wasizidi kumi. Wenzetu wengi hurusha makonzi ya mkate, samaki anashiba kabla hajaiona ndoano. Chubwi za risasi achana nazo. Nyingi zimepigwa marufuku tangu 1987 kwa kuwaua bata maji waliozimeza. Dukani zipo za madini mengine.

Kuhusu kwenda na samaki: hapana, isipokuwa mwenye ziwa amekuruhusu. Najua kwetu hilo linauma, lakini maziwa mengi huku ni madogo, na brimu yule yule huvuliwa na watu wengi kwa miaka. Lowesha mikono kabla ya kumshika, mlaze kwenye mkeka laini, mrudishe taratibu.

Leseni ya serikali ni lazima kwa kila aliyetimiza miaka 13. Ukikamatwa bila hiyo faini inaweza kufika pauni 2,500. Tikiti ya mwenye ziwa ni kitu kingine, unahitaji vyote viwili. Na mtoni usiende kabisa kuanzia Machi 15 hadi Juni 15, ni msimu wa kufungwa. Maziwa mengi hubaki wazi, ila soma kibao cha getini.

Ukienda tena, taja hapa upepo ulitoka wapi na ulikaa upande gani, tutazame pamoja.