Vigingi vya wapiga mishale vinamzuia tembo wa vita?

SWALI: Tunacheza mchezo wa vita wa mezani, wa figa (sanamu ndogo za askari) na dadu. Mimi nachezesha wapiga mishale wa Kiingereza wa 1415, wa pigano la Agincourt, mbele yao wana vigingi, yaani miti iliyochongwa ncha na kuchomekwa ardhini. Mwenzangu kaja na jeshi lenye tembo la Waseleukia, ufalme wa kale wa Asia uliotokana na milki ya Alexander Mkuu. Kitabu chetu cha sheria kinasema mpanda farasi akivamia vigingi anapoteza bonasi ya kuchaji, yaani alama za ziada za kuvamia kwa kasi. Yeye anadai tembo anavivunja tu na kupita, halafu yuniti yangu yote, yaani kikosi kizima, inaondolewa mezani. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kama kitabu kimeandika mpanda farasi basi tembo hayumo, bonasi yake anabaki nayo, hapo mpe haki yake. Ila hiyo ya yuniti nzima kuondolewa muulize ipo ukurasa gani. Naisikia karibu kila ninapochezesha na mara nyingi chanzo ni zile karatasi za muhtasari wa ukurasa mmoja ambazo watu wanatumiana, mtu hajafungua kitabu chenyewe wala hajasoma pigano hata moja, anakuja mezani na figa nzuri zimepakwa rangi vizuri halafu anamchezesha tembo kama kifaru cha kijeshi, yaani chuma kinachosonga mbele mpaka pointi zake za uhai ziishe. Tembo hakuwa hivyo hata siku moja! Ni mnyama, anaumia, anaogopa, na anamtegemea mtu mmoja aliyekaa shingoni kwake.

Angalia waliopambana nao kweli walifanya nini. Mwaka 318 KK Polyperchon, jenerali wa Makedonia, aliizingira Megalopolis, mji wa Ugiriki, akiwa na tembo 65. Damis wa upande wa mji, aliyewahi kupigana Asia chini ya Alexander na tembo alikuwa anawajua, alifukia mbao zenye misumari kwenye njia yao na watu wa kurusha akawaweka pembeni. Tembo wakakanyaga misumari huku wanapigwa kutoka ubavuni, waendeshaji wao wakaanguka, wanyama wakageuka na kuwakanyaga watu wao wenyewe. Gaza mwaka 312 KK ni hivyo hivyo, Ptolemy na Seleucus, waliokuwa majenerali wa Alexander, walitandaza miiba ya chuma iliyofungwa kwa minyororo, wapiga mishale wakawalenga waendeshaji, na tembo wa Demetrius, adui yao, waliobaki hai wakatekwa. Panormus, kisiwani Sicily, mwaka 250 KK Warumi walitumia handaki na mvua ya mikuki, tembo wakawarudia wenyewe waliowaleta, Wakarthago wa Afrika Kaskazini.

Umeona? Kizuizi peke yake hakimalizi kazi. Kinamchelewesha tembo, mishale ndo inafanya kazi, na mwiba wa chini ya mguu unamuumiza kuliko kigingi kilichosimama mbele ya kifua, maana kigingi cha Agincourt kilikusudiwa farasi. Kwa hiyo kwenye meza yenu mimi ningesema hivi: vigingi vimpunguzie tembo mwendo, visimuue. Wapiga mishale wapate mzunguko mmoja zaidi wa kupiga, na wakipata alama ya juu kwenye dadu ihesabiwe wamempiga mwendeshaji, tembo afanye jaribio la morali hapo hapo, yaani dadu ya kuona kama anavumilia au anakimbia. Akishindwa dadu ndo iamue anakimbilia wapi, asichague mwenye jeshi. Na wewe usijibweteke, vigingi vinalinda mbele tu, ukitaka kuhama uving'oe na kuvichomeka upya kama Waingereza walivyofanya siku ile ile ya Agincourt, na hiyo ikugharimu zamu.

Sheria yoyote ya tembo isiyo na kipengele cha kupagawa iacheni, hata kama mtu anawaambia inaharakisha mchezo. Kwenye pigano la Metaurus, Italia, mwaka 207 KK waendeshaji wa Hasdrubal, jenerali wa Karthago, walibeba patasi na nyundo za kuwaulia tembo wao wenyewe wakishindwa kuwadhibiti, na Livy, mwanahistoria wa Kirumi, anaandika kwamba tembo waliouawa na waendeshaji walikuwa wengi kuliko waliouawa na adui, sasa wewe unaondoaje hatari hiyo mchezoni eti kwa sababu mtu kamlipia tembo pointi nyingi za kuundia jeshi? Na upande wa pili kuna hawa wanaouza dawa ya nguruwe wa moto, yaani nguruwe waliowashwa moto na kuachiwa wawatishe tembo, kila mwenye hofu ya tembo anataka kuwaongeza kwenye jeshi lake, awe Mrumi, Mgiriki au Mwingereza. Kisa chenyewe kinasimuliwa kwenye kuzingirwa kwa Megara, mji wa Ugiriki, na visa vya namna hiyo ni vya kuhesabika, haikuwa silaha ya kawaida ya jeshi lolote. Akikuletea mtu sheria hiyo kama nyongeza ya pointi chache, kataa kabla hamjapanga figa.