Maswali na Majibu: Quinn si mchawi, ila tajiri kaondoka

Eagles wamebeba Super Bowl, fainali ya ligi ya futiboli ya Marekani (NFL), Februari 9, 2025, wamewachapa Chiefs 40 kwa 22, lakini barua zilizonijaa wiki hii hazihusu Eagles. Zinahusu Washington, waliochinjwa na Eagles hatua moja kabla ya fainali. Nimechagua chache. Zile zinazojirudia nimezijibu kwa mara ya mwisho, kama nilivyoahidi pia mwaka jana.

Washington Commanders na Redskins ni timu mbili tofauti? (Wasomaji wengi mno)

Ni timu ileile. Ilikuwa Redskins hadi Julai 2020, ikaitwa Washington Football Team kwa misimu miwili, na tangu Februari 2022 ni Commanders. Swali hili naomba tulizike.

Msimu wa 2023 walishinda 4 wakapoteza 13. Akaja Dan Quinn, 2024 wakashinda 12 wakapoteza 5. Huyu kocha anatumia nini? (Tabata, Dar es Salaam)

Ndugu yangu, umefungua kitabu ukurasa wa mwisho. Rudi wa kwanza.

Mwaka 1999 Dan Snyder aliinunua timu hii kwa dola milioni 800. Aliikuta na vikombe vitatu vya Super Bowl, vya misimu ya 1982, 1987 na 1991, vyote vya kocha Joe Gibbs. Snyder akakaa miaka 24. Katika miaka hiyo yote timu ilishinda mechi mbili tu za mtoano. Mbili! Makocha walipanda na kushuka kama makondakta wa daladala, mwenye gari akabaki yuleyule.

Sasa nisikilize vizuri, maana huu ndio ushahidi ambao wapenda makocha hawapendi kuusikia. Mwaka 2004 Snyder alimrudisha Gibbs mwenyewe. Kocha yuleyule wa vikombe vitatu, jina lake limeshaingia kwenye ukumbi wa magwiji. Alikaa misimu minne, akaambulia ushindi mmoja wa mtoano, akaondoka. Gibbs hakuwa amesahau mpira. Aliyekuwa amebadilika ni mtu wa juu yake.

Uwanja wenyewe ulikuwa unakwambia kila kitu. Januari 2022 uzio wa jukwaa uling'oka, mashabiki wakaporomoka hadi chini karibu na Jalen Hurts wa Eagles aliyekuwa anatoka uwanjani. Timu ambayo haiwezi kukaza nati za uzio, wewe unategemea itakaza nini?

Julai 2023 Snyder akauza kwa dola bilioni 6.05 kwa kundi la Josh Harris, Magic Johnson akiwa mmoja wao, na siku hiyohiyo ligi ikampiga faini ya dola milioni 60. Harris alimwacha kocha Ron Rivera amalize msimu, akamwondoa Januari 2024. Halafu akafanya jambo ambalo wengi hawakulitazama: alimwajiri kwanza meneja mkuu, Adam Peters kutoka San Francisco, ndipo akatafuta kocha. Anayekwenda sokoni alipatikana kabla ya mpishi. Peters akasafisha ghala, akaleta wakongwe kama Bobby Wagner na Zach Ertz, na kwenye drafti, zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya, akamchukua Jayden Daniels wa chuo kikuu cha LSU akiwa namba 2, acheze kwotabeki, yaani mrusha mpira anayeongoza mashambulizi.

Simnyimi Quinn haki yake. Wagner alimfuata kwa sababu walishabeba kombe pamoja Seattle, na mzee kama yule chumbani anafundisha vijana vitu ambavyo ubao haufundishi. Kwenye jaribio la nne, lile la mwisho la kusogeza mpira kabla ya kuupoteza, ambapo makocha waoga hupiga mpira mbele na kujificha, Washington walijaribu mara 23 msimu wa kawaida, wakafanikiwa mara 20. Huo ni moyo wa kocha. Lakini moyo huo unatoka kwa mtu anayejua hatafukuzwa Jumatatu.

Na kwa kuwa umeandika kutoka Tabata: Yanga msimu wa 2024/25 walifika kocha wa tatu, Gamondi, Ramović, kisha Hamdi, ingawa wa katikati aliondoka kwa miguu yake. Sisemi zaidi. Nina shemeji Jangwani.

Ni kweli Quinn hakuwa chaguo la kwanza? (Mombasa)

Kweli, na hadithi yake ni tamu. Aliyekuwa akitajwa kila mahali ni Ben Johnson, kocha wa mashambulizi wa Detroit Lions. Mwishoni mwa Januari 2024 wakubwa wa Washington walikuwa angani, ndege inaelekea Detroit kumhoji, Johnson akatoa taarifa kwamba anabaki Lions. Fikiria sura zao wakishuka ngazi. Wakamchukua Quinn, aliyekuwa kocha wa ulinzi wa Dallas, na watu wa Washington wakanuna: ndiye yule wa Atlanta! Yule aliyeongoza fainali ya Februari 2017 kwa 28 kwa 3 dhidi ya Patriots, akafungwa 34 kwa 28.

Hata mwaka haukutimia. Januari 18, 2025, Washington wakaenda Detroit kwa Lions walioshinda 15 na kupoteza 2, wakawapiga 45 kwa 31 ukumbini kwao. Hiyo ndiyo ikawa mechi ya mwisho ya Johnson na Lions. Siku chache baadaye akaenda kuwa kocha mkuu Chicago. Sina haja ya kuongeza chumvi.

Ila wewe wa Mombasa umeuliza kana kwamba chaguo la pili ni aibu. Muulize mzee yeyote aliyeoa.

Mechi zao ni saa ngapi huku kwetu? (Karibu kila barua)

Za saa saba mchana kwao ni saa 2 usiku kwetu Septemba na Oktoba. Wakirudisha saa nyuma mwanzoni mwa Novemba, ni saa 3 usiku. Kwetu saa hazibadiliki, kwao hubadilika. Andika ukutani.

Ule mpira wa mwisho dhidi ya Chicago haukuwa bahati tupu? Ulinichania mkeka. (Kisumu)

Ulikuwa bahati na uzembe vikiwa vimeshikana mikono. Oktoba 27, 2024, huku ilikuwa yapata saa nane na nusu usiku. Chicago walikuwa wametangulia 15 kwa 12 zikiwa zimebaki sekunde 25. Watu wanakumbuka bomu la yadi 52, ile pasi ndefu ya mwisho ya Daniels. Mimi nakumbuka jaribio moja kabla yake, walinzi wa Chicago walipomwachia Terry McLaurin yadi 13 za bure pembeni, kana kwamba yadi ni karanga za kuonjesha. Bila hizo, mpira wa Daniels usingefika.

Kisha Daniels akazunguka na mpira zaidi ya sekunde 10 kabla ya kuurusha. Wakati jaribio hilo linaanza, mlinzi wa Chicago Tyrique Stevenson alikuwa amewapa mgongo wenzake, anawatania mashabiki wa Washington. Akakimbia kuwahi msongamano, akaruka, akaugusa mpira yeye mwenyewe, nao ukaangukia nyuma mikononi mwa Noah Brown aliyesimama peke yake. 18 kwa 15. Baada ya hapo Chicago walishuka kama ndoo iliyokatika kamba, na kocha wao Matt Eberflus akafukuzwa Novemba.

Kuhusu mkeka: sikukutuma. Mchezo ambao mpira wake una ncha mbili na hudunda unakotaka si mahali pa kuweka ada ya mtoto. Barua ya aina hii nyingine nitaichapisha na kiasi ulichoweka, mkeo aisome.

Ninaishi Silver Spring, nilikuwa nimeshanunua jezi ya fainali moyoni. Ile 55 kwa 23 ilitokana na nini?

Pole, jirani wa uwanja. Ilitokana na mikono. Washington walipoteza mpira mara nne, Eagles wakashukuru. Watu wanasema Eagles ni wakubwa mno kwao. Si kweli, Desemba 22 Washington hawahawa waliwapiga Eagles 36 kwa 33, Daniels akirusha pasi tano za tachidauni, yaani za kuufikisha mpira mwisho wa uwanja. Tofauti ilikuwa namna walivyoanza. Washington walianza kwa msafara wa majaribio 18, wakatoka na pointi 3 tu. Eagles walipopata mpira, jaribio lao la kwanza kabisa Saquon Barkley akakimbia yadi 60 hadi mwisho. Wewe umelima mwezi mzima ukavuna debe, jirani kapita na gari lake akabeba gunia. Hilo humvunja mtu moyo, na mtu aliyevunjika moyo huanza kushika mpira kwa vidole.

Mapumziko ilikuwa 27 kwa 15, bado inaokoleka. Mpira uliodondoshwa baada ya hapo ndio uliozika.

Tena nitasema jambo ambalo hukuuliza. Ukuta wa ulinzi wa Washington dhidi ya wakimbiaji ulikuwa mwembamba msimu mzima, na waliocheza nao walilijua. Ushindi mwingi wa dakika za mwisho ulikuwa unafunika tundu hilo kwa mkeka.

Kwenye mechi hiyohiyo mwamuzi alisema anaweza kuwapa Eagles pointi bila wao kufunga. Nilisikia vizuri? (Arusha)

Ulisikia vizuri, na nakupongeza kwa kuwa macho saa zile. Eagles walikuwa karibu kabisa na mstari, wanataka kufanya ule msukumo wao wa kumsukuma Hurts kutoka nyuma. Frankie Luvu wa Washington akawa anaruka juu ya mstari kabla mpira haujaanza, akaadhibiwa, akaruka tena. Adhabu ikiwa nusu ya hatua iliyobaki, kuna hasara gani? Ndiyo maana kanuni zina kifungu cha kitendo kisicho cha haki kupita kiasi: mwamuzi akiona timu inafanya makosa makusudi kwa kuwa adhabu haiumi, anaweza kutoa pointi mwenyewe. Mwamuzi akatoa onyo hilo kwa kipaza sauti, uwanja mzima unasikia. Hurts akafunga muda mfupi baadaye, kwa hiyo kifungu kikarudi kabatini.

Mimi nilimpenda Luvu kwa ile. Ni utoto, lakini ni utoto wa mtu aliyekataa kufa kimya.

Daniels si ndiye bora kuliko wote sasa? (Goma, Bujumbura, Dallas, na mwingine ambaye hakusema alipo)

Ameshinda tuzo ya mchezaji mpya bora wa mashambulizi, na ameistahili. Pasi za yadi 3,568, tachidauni 25 za pasi, na yadi 891 kwa miguu yake, ambazo hakuna kwotabeki wa mwaka wa kwanza aliyewahi kuzifikia.

Na unajua rekodi hiyo aliichukua kwa nani? Hapo ndipo nataka tukae. Aliichukua kwa Robert Griffin III. Timu ipi? Hiihii. Mwaka 2012 Washington walitoa nafasi tatu za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya pili kwa timu ya Rams ili wampate. Griffin akakimbia yadi 815, timu ikashinda 10, naye akapewa tuzo hiyohiyo ya Daniels. Mji ukaimba. Desemba goti likaumia. Januari 6, 2013, kwenye mtoano dhidi ya Seattle, juu ya nyasi zilizochakaa za uwanja wao wenyewe, kila mtu alimwona anachechemea, na bado akaachwa acheze. Robo ya nne goti likasalimu amri. Hakurudi kuwa yule. Msimu uliofuata timu ilishinda 3 ikapoteza 13, na kocha Mike Shanahan akaondolewa.

Sasa tazama Daniels: mrefu, mwembamba kama mlingoti wa ngalawa, anapenda kukimbia. Oktoba dhidi ya Carolina mbavu ziliumia, akatolewa mapema. Wiki iliyofuata akacheza, akarusha lile bomu la Chicago, na sote tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Lakini nilipolala nilimkumbuka Griffin. Kocha wa mashambulizi wa msimu huo wa 2024, Kliff Kingsbury, alipaswa kumfundisha kijana kulala chini mapema kabla hajalazwa na wengine. Na nyinyi wa Goma na Dallas mpunguze haya mashairi ya bora kuliko wote. Mwisho wa 2024 kijana alikuwa na msimu mmoja.

Kuna Mwafrika Mashariki amewahi kucheza ligi hiyo? (Eldoret)

Daniel Adongo, Mkenya, alitoka kwenye raga akajiunga na Indianapolis Colts mwaka 2013. Wa Eldoret ndiye anayeniuliza hili? Nilidhani mimi ndiye ningekuuliza wewe.

Kwa hiyo msimu ujao, wa 2025, ni Super Bowl? (Muscat)

Sitabiri. Nitakachokwambia ni kwamba timu iliyoshinda 4 hupewa ratiba nyepesi kidogo kuliko iliyoshinda 12, na kwamba makocha wa ulinzi wa ligi nzima wana miezi saba ya kumtazama Daniels kwenye video. Mwaka wa kwanza mgeni hupewa kuku. Mwaka wa pili hupewa jembe. Nitamtazama zaidi Harris kuliko Quinn: wakipoteza tatu mfululizo, tajiri atakaa kimya au ataanza kupiga simu?

Nikumbushe jina la mpiga mateke wa Washington. (Tanga)

Wa Jumapili ipi? Cade York alikosa mateke yote mawili wiki ya kwanza, akaondolewa. Austin Seibert wiki iliyofuata akapiga saba kati ya saba, timu ikaishinda Giants 21 kwa 18 bila tachidauni hata moja, kisha Novemba huyohuyo akakosa teke la pointi moja dhidi ya Dallas. Aliyewavusha kwa Tampa Bay ni Zane Gonzalez: mpira uligonga nguzo, ukafikiri kidogo, ukaingia.