Tochi ya bei nafuu: anza na betri, lumeni baadaye

Pembeni mwa barabara ya Digo hapa Mombasa, tochi ya bei ya sahani ya biriani huandikwa lumeni (kipimo cha mwanga) 90,000 bila haya. Ukisimama tu kuitazama, kijana anayeuza ashaiwasha, ashakumulika usoni, anakuapia: "Ami, hii ukiiwasha Likoni, Mtwapa wanaiona." Mimi hutoka usiku mara kwa mara. Kuna kushuka pwani maji yakipwa, kuna kupita vichochoro vya Mji wa Kale baada ya isha, kuna kupanda ngazi za nyumbani stima zikipotea. Kwa hiyo marafiki wamezoea kuniuliza wanunue tochi gani. Jibu langu huwakera kidogo, maana naanza na betri kabla sijaitaja tochi yenyewe.

Hebu tuzipigie hesabu hizo 90,000. Betri ya lithiamu inayotumika sana kwenye tochi hizi huitwa 18650, kwa kuwa ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ikiwa nzuri hubeba umeme wa kama mAh (miliampia-saa) 3,500 kwa volti 3.6, yaani wati-saa 12 na kitu. LED nzuri, ukitoa nguvu inayopotea njiani, hukupa kama lumeni 100 kwa kila wati. Basi lumeni 90,000 zingetaka wati 900, karibu na nguvu ya pasi ya umeme. Kibetri hicho kingekauka kabla ya dakika moja, na kiganja chako kingeungua mapema zaidi. Namba ile ni pambo la boksi tu.

Tochi ya kweli yenye betri moja ya 18650 inaweza kutoa lumeni 1,000 au zaidi kidogo, tena kwa dakika chache. Ikipata joto hujipunguza yenyewe isije ikaunguza LED, na wengi huidhania imeharibika. Swali la maana ni je, ikishajipunguza inabaki na ngapi? Taa ya simu hutoa kama lumeni 50 na tumepandia ngazi kwayo miaka nenda miaka rudi. Lumeni 150 au 200 za kweli zinatosha kabisa kutembelea barabara yenye mashimo. Isitoshe, jicho halihesabu kama mashine: ili uone mwanga umekuwa maradufu, lumeni zinatakiwa ziongezeke karibu mara nne. Kwa hiyo anayekuuzia 1,200 badala ya 1,000 hajakuuzia kitu.

Lumeni ni mwanga wote unaotoka. Unavyoelekezwa, hilo ni suala la kandela, kipimo cha ukali wa mwanga upande mmoja. Ukibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole, maji ni yale yale ila yanaruka mbali. Rifleta (kile kikombe kinachong'aa kuizunguka LED) pana yenye kina huufanyia mwanga vivyo hivyo. Askari anayelinda kiwanja kikubwa Nyali anataka huo wa kuruka mbali. Mpita kichochoroni hautaki. Atapata doa moja kali ukutani, giza pembeni, na atampofusha kila mzee anayetoka msikitini. Kwa kutembea tafuta mwanga uliotawanyika, wenye kiini kidogo katikati. Na zile tochi zenye kichwa cha kuvuta mbele na nyuma nimeacha kuzipendekeza kwa mtu yeyote wa pwani, kwa sababu kila ukivuta unanyonya hewa ndani, na hewa yetu ina chumvi.

Boksi za kampuni zinazofuata kipimo kiitwacho ANSI FL1 huandika pia umbali kwa mita. Umbali huo ni pale ambapo mwanga umefifia hadi luksi 0.25, takriban sawa na mwanga wa mwezi mpevu. Mtu wa Mombasa haelezwi hiyo ni nuru kiasi gani. Siku za bamvua maji yetu hupwa kabisa mnamo saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Ukiwa mwambani usiku huo na mwezi umejaa, bila tochi, unamwona mwenzako kwa umbo na unaona maji yaking'aa, lakini nungu wa baharini aliye mbele ya kiatu chako humwoni. Sasa boksi ikiandika mita 200, mimi hugawa kwa mbili, na nikiwa na shaka kwa tatu. Ujue pia kwamba mita 200 hizo zinataka kandela 10,000, na ukitaka 400 unahitaji kandela 40,000, si 20,000. Umbali ni ghali.

Muda nao una hila yake. Kwa kipimo hicho hicho, saa zinahesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ulivyoanza. "Saa 8" inaweza kuwa dakika tano za lumeni 1,000 halafu saa nyingi za mwanga wa kawaida. Si uongo, ila ni vizuri ujue unanunua nini.

Bamvua ya mwezi mwandamo ndiyo inayodai tochi hasa, kwa kuwa ni giza totoro na maji yako chini. Hapo nimejifunza kupenda rangi ya mwanga kuliko wingi wake. LED nyingi za bei rahisi zina mweupe wa kibuluu, kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6,500 au zaidi. Juu ya maji mwanga huo hurudi machoni, na chini yake kila kitu ni rangi ya jivu. Pweza mwenyewe ashajigeuza afanane na jiwe, nawe unamsaidia. Mwanga wa kelvini 4,000 hadi 5,000, wenye CRI (kipimo cha uhalisia wa rangi) ya 90, unatofautisha hudhurungi na nyekundu; hata fundi wa umeme anayefuata nyaya kizani atakushukuru ukimwazima. Unapoteza lumeni kidogo kwa uzuri huo na mimi sijutii. Na popote ulipo, ishike tochi usawa wa kiuno. Mwanga ukitokea karibu na jicho hufuta vivuli, na bila kivuli shimo huonekana kama tambarare.

Sasa betri, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Betri za 18650 za kampuni zinazojulikana, kama Samsung, LG, Panasonic au Molicel, kwa kawaida huwa na mAh kati ya 2,500 na 3,600. Ukiona 6,800 au 9,900 kwenye karatasi yake, rudisha. Ziko ambazo zimepasuliwa zikakutwa na kibetri kidogo ndani na unga wa kujazia nafasi. Uzito hausemi uongo: betri halisi huwa na gramu 43 hadi 50. Ukiwa karibu na soko la Marikiti, wauza viungo wana mizani ndogo ya dijitali. Nunua iliki kidogo, kisha muombe kwa adabu akupimie na betri. Atacheka, lakini atapima. Ikisoma gramu 30, ushajua.

Mafundi wengine huuza betri walizozitoa kwenye laptopu mbovu. Sizikatai moja kwa moja, kwa sababu zilizo nzima ndani ya laptopu huwa za kampuni nzuri, lakini nina masharti. Fundi aipime kwa mita mbele yangu: iliyoshuka chini ya volti 2.5 siitaki hata akinipa bure. Ikijaa isome karibu 4.2, na kesho yake isiwe imeshuka sana. Inayopata joto wakati wa kuchaji haiingii ndani ya nyumba. Na ganda lake la plastiki liwe zima, maana mwili wote wa betri hii ni hasi na penye mchubuko inaweza kugusana na bomba la tochi. Usiitie mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Tafuta kikasha chake. Na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Joto huizeesha lithiamu haraka.

Kuna zile tochi za plastiki zenye pini mbili za kukunjua na kuchomeka ukutani. Nyingi ndani zina betri ya risasi na asidi, ndugu mdogo wa betri ya gari. Betri hiyo haitaki kukaa tupu. Ukiitumia usiku stima zilipopotea, ukaisahau kabatini, ndani yake hufanyika chumvi ngumu ya risasi, na siku ya giza lingine haiwaki. Ukiwa nayo tayari, ichaji mara tu baada ya kuitumia, kisha kila baada ya wiki kadhaa hata kama hukuiwasha.

Kwa mama mzee anayekaa peke yake mimi hushauri tochi ya mawe ya AA, swichi moja, hali moja. Hakuna cha kuchaji na mawe yako kila duka la mtaani. Kasoro ni kwamba mawe ya alkalini huvuja yakikaa, hasa katika unyevu wetu, na maji yake hula springi. Yatoe, yafunge kwa mpira wa noti, uyaweke kando ya tochi.

Chumvi ndiyo adui wa pili. Alama ya IPX4 ina maana inahimili kumwagikiwa, IPX7 inahimili kuzama mita moja kwa nusu saa. Lakini vipimo hivyo hufanywa kwa maji baridi, si ya bahari. Tochi inaweza kupita mtihani wote na bado skrubu zake zikashika kutu baada ya kusi moja. Nikirudi pwani naisuuza kwa maji ya bomba ikiwa imefungwa vilevile, naifuta, na siifungui mpaka ikauke. Mara moja moja nafuta hesi (mistari ya kukazia mkia na kichwa) kwa kitambaa chenye spiriti na kupaka grisi ya silikoni kwenye ile pete ya mpira. Watu hupaka mafuta ya mgando. Baadhi ya mipira huvimba kwayo, basi bora silikoni, na kichupa kimoja hukaa miaka.

Kama tochi uliyonayo imedhoofika, fanya hayo kwanza kabla ya kwenda dukani: safisha pale betri inapogusa, weka betri halisi iliyojaa, kaza mkia na pete ya ndani yake. Tochi nyingi zinazotupwa zina hesi chafu na betri ya unga. Betri moja nzuri ni gharama ndogo kuliko tochi mpya, na tochi mpya ukiitia betri ile ile ya zamani utalalamika vilevile.

Ikibidi ununue, mimi hutazama tochi ya bomba la alumini, kichwa kisichovuta, ya 18650, inayokuruhusu kubadilisha betri mwenyewe. Convoy S2+ ni ya jamii hiyo, ya kizamani na imara, ila uwe na chaja ya nje. Wurkkos FC11 ina tundu lake la Type-C na sumaku mkiani, ambayo ukiibandika kwenye boneti unabaki na mikono miwili. Sofirn nao wana za kulingana. Zote hizi zinahitaji kuagizwa mara nyingi, kwa hiyo ongeza gharama ya kusafirisha kabla hujafurahia bei.

Tundu la Type-C lina mtego mdogo. Tochi nyingi za bei nafuu hazikuwekewa vipingamizi viwili vidogo vya kuiambia chaja "nipe umeme". Ukitumia waya wenye Type-C pande zote mbili hazichaji, ukitumia waya wa USB ya zamani zinachaji vizuri. Kabla hujaenda kugombana na muuzaji, jaribu waya mwingine. Kifuniko cha tundu hilo nacho kibonyeze mpaka kikae. Ndipo maji ya bahari yanapopenda kuingilia.

Sijui ni nani aliyeamua kila tochi iwe na mwanga wa kupepesa na wa SOS. Muhimu kwangu ni iwe na hali moja hafifu sana, ya lumeni moja au mbili, ya kumwangalia mtoto usiku au kutafuta ndala bila kuamsha nyumba nzima. Kama kuifikia hali hiyo ni lazima upite kwenye ya kupepesa, chagua nyingine.

Dukani, fungua mkia. Angalia kama springi ni nene, kama hesi zinazunguka laini bila kukwaruza. Washa ile hali ya chini na uitazame kupitia kamera ya simu: ukiona michirizi mizito inayotambaa, mwanga unawaka na kuzima haraka, na wengine huumwa kichwa. Kisha iache imewaka kwenye nguvu kubwa huku mkizungumza bei. Tochi nzuri itapata joto mkononi, kwa sababu joto la LED linafika kwenye bomba. Inayobaki baridi huku ikijidai lumeni elfu ama haitoi elfu, ama joto lake limenaswa ndani linaikaanga LED. Muuzaji akikataa usiifungue, mwambie asante na uingie duka la jirani.