Kenya: jotoardhi bado inauzidi upepo

Je, upepo ndio unaoongoza kwa kuzalisha umeme Kenya? Hapana. Ni jotoardhi, yaani mvuke wa moto kutoka ardhini, hasa ya Olkaria kule Naivasha: takriban asilimia 40 ya umeme wote unaozalishwa nchini, ilhali upepo haufiki 20. Angalia ripoti za takwimu za EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli nchini. Sababu kubwa ni kwamba mvuke wa ardhini haujui kiangazi wala masika, unatoka usiku na mchana. Mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana ina uwezo wa megawati 310, lakini hizo unazipata upepo ukivuma vizuri tu. Ila tusiudharau hata kidogo: Loiyangalani, iliko mitambo hiyo, upepo huvuma kwa nguvu hasa usiku, saa ambazo paneli za sola hazitoi kitu.