Re: Adili namchukia, je, niache kitabu?

Ndugu, usiache Adili na Nduguze. Unauliza vipi Adili, mtu anayeitwa mwema, awachape manyani wawili kila usiku. Hasira yako ni ya haki, na Shaaban Robert ameitafuta makusudi: hadithi haianzii mwanzo. Kipigo tunakiona kupitia macho ya Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, kabla hatujajua manyani wale ni akina nani. Wengi hufunga kitabu hapo hapo, naye Adili hajapewa nafasi ya kujieleza.

Rudi kwenye ukurasa ule, usome polepole yanayofuata mjeledi. Adili analia nao, anawafuta machozi, anawalisha. Mkatili hafanyi hivyo. Kisha endelea hadi maelezo yake mbele ya mfalme, uyasome kwa kikao kimoja, maana ukiyakata vipande utapoteza nani alimtendea nani nini. Amri ya kuchapa ilitoka kwa Huria, jini, na hao manyani ni Hasidi na Mwivu, ndugu wa damu wa Adili, waliogeuzwa manyani.

Swali gumu ni Huria. Sisi wa Mombasa tumekulia visa vya majini, tunamkubali upesi mno bila kumhoji: adhabu ile imezidi? Mimi naona imezidi, na Adili ndiye anayeibeba zaidi.

Ukibishana na wenzio barazani, waombe kwanza wataje majina ya ndugu hao. Asiyeyakumbuka hajafika kwenye maelezo ya Adili.